Mulango wa Maji wa Kibati

Mtu aliyepakia udongo ndani ya lori la fuso akausafirisha kutoka milima ya Masisi mpaka Kibati, kana kwamba Kibati hakuna ardhi, alikuwa papa Onésime, na watu walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Fuso ilikuwa ya Ruffin, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akiteremsha viazi na kabichi kwenda Goma. Juu viazi, chini udongo. Safari hii magunia sita, safari ile kumi. Askari wa bariere, kizuizi cha barabarani, akidunga gunia kwa chuma chake kutafuta siri, anakuta udongo mwekundu unaonata kama ugali mbichi. Anamtazama Ruffin usoni, anamuuliza: "Ninyi mulirogwa?"

Hawakurogwa. Anayejua Kibati anajua shida yake. Ardhi ya pale ni mawe yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo, mawe meusi yenye matundu, na juu yake changarawe nyeusi. Mvua inapiga saa nzima, inapiga kwa hasira, halafu unatoka nje huoni hata dimbwi la kunywesha kuku. Ardhi imekunywa yote, na asante haisemi. Kwa hiyo mama wa Kibati anaamka na bidoni yake, dumu la manjano, anateremka hadi kwenye mabomba karibu na mji, anapanda tena na lita ishirini mgongoni, kamba imemkaa kwenye paji la uso. Asiye na mgongo wa kupanda anamngoja Gentil.

Gentil alikuwa baba wa watoto wanne, mwenye mabega ya fahali na mdomo usiopumzika. Alikuwa na chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na kiti wala pedali ambalo wanaume wa Goma hulisukuma likiwa na mzigo wa kumuua punda. Kila siku Gentil alipandisha bidoni kumi na mbili, akauza, akateremka akipiga mluzi. Watu walimpenda siku aliyofika mapema na kumlaani siku aliyochelewa. Ndivyo binadamu tulivyo.

Sasa, papa Onésime mwenyewe. Alizaliwa Mushaki, kwenye majani marefu na ng'ombe, na tangu babu yake ukoo wao kazi yao ilikuwa moja: kufunga maji kwa udongo. Mfugaji akitaka ng'ombe wake wanywe wakati wa kiangazi bila kuteremka bondeni, alimwita baba yake Onésime. Baba aliangalia mlima unavyolala, akapiga tuta la udongo mahali pale tu panapotakiwa, na mvua ikafanya yaliyobaki. Onésime alirithi kazi hiyo akaifanya miaka arobaini. Huko kwao, alipopita njiani, watu walisimama kumwamkia. Halafu vita ikaja, ikaja tena, na safari ya tatu hakusubiri kuona uso wake. Akajikuta Kibati, mjane, miaka sitini na tatu, nyumba ya mbao na bashi, turubai la plastiki, na jina jipya ambalo hakulipenda hata kidogo: mukimbizi. Anasimama kwenye mstari na sahani mkononi. Watoto wanampita bila kumsalimia. Hilo la sahani lilimuuma, lakini la watoto lilimuuma zaidi.

Kwa hiyo, mnaona, udongo ule haukuwa udongo tu. Mzee alikuwa anataka awe mtu tena.

Alipokwenda kwa shefu wa kijiji kuomba ruhusa, palitokea kichekesho. Alisema kwa heshima, kofia mkononi: "Shefu, ninaomba kutengeneza barrage." Shefu akakunja uso, maana kwao barrage ni bwawa la tuta na ni kizuizi cha askari pia. "Barrage tena? Toka hapa mupaka Goma ziko nne, na kila moja inatunyonya. Wewe muzee muzima, unataka kufunga watu njia?" Ilibidi Onésime achore ardhini kwa kidole, mlima, tuta, maji, ndipo shefu akaelewa kwamba anayefungiwa njia si watu, ni maji. Akacheka, akampa shimo lisilo na mwenyewe, bonde dogo kati ya ndimi mbili za mawe meusi, juu ya nyumba za mwisho za kijiji. "Jaribu. Lakini hapa chini inakunywa, muzee. Itakunywa na udongo wako."

Onésime hakubishana. Alitandaza udongo wa Masisi chini ya bonde lote, unene wa mkono mpaka kiwiko, akaunywesha maji kidogo kidogo, kisha akaleta mafundi wake. Ng'ombe! Ng'ombe kumi na mmoja wa Mukamugema, mama mfugaji aliyekimbia nao kutoka kwao na kukataa kuuza hata mkia. Walizungushwa mle ndani siku tisa, wanakanyaga, wanazama, wanakanyaga tena. Kwato ya ng'ombe, alisema Onésime, inafanya kazi ambayo jembe haliwezi: inaukaza udongo mpaka unasahau kwamba ulikuwa na matundu. Tuta nalo likapandishwa hivyohivyo, tabaka juu ya tabaka, hadi likafika urefu wa mwanaume na nusu. Vijiji vya jirani vilikuja kutazama ng'ombe wanaojenga. Walicheka, jamani. Walicheka sana.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi watu walipanda kwenda kuona jinsi mukimbizi alivyoaibika, na wa kwanza kufika alikuwa mama Kaswera. Akasimama. Akavua kiatu kimoja. Akaingiza mguu. Akapiga kelele iliyowatoa watu majumbani.

"Iko! Mawee, iko bado! Haikwenda!"

Maji yalikuwepo. Ya rangi ya chai ya maziwa, sawa, lakini yametulia, yanatazama mbingu. Wazee waliozaliwa Kibati, walioona mlima ukiwaka mara mbili wasishangae kama walivyoshangaa siku ile, walikaa chini kwenye tuta na kuyaangalia tu. Mmoja alilia. Wiki hiyohiyo watoto wakaanza kumwamkia Onésime njiani, "Shikamoo, papa wa maji," na yeye akageuza uso pembeni ili wasimwone.

Huyu mama Kaswera lazima mumjue vizuri, maana bila yeye hakuna habari. Alikuwa Munande, kabila la watu wa Butembo, wafanyabiashara tangu tumboni mwa mama. Alikuwa na duka Birere, mtaa wa Goma karibu na mpaka, sukari na mafuta na sabuni. Wezi walilivunja mara moja, akalijaza upya. Wakaliibia mara ya pili, siku ambayo binti wa duka alisahau kufunga, na mara hiyo hawakuacha hata mizani. Alichookoa Kaswera ni mlango wenyewe, wa bati, wa buluu, umeandikwa CHEZ MAMA KASWERA kwa rangi nyeupe. Alipohamia Kibati alikuja nao kichwani. Tangu hapo mwanamke yule alifunga kila kitu kwa kufuli. Sanduku la nguo kadena, jiko kadena, hata banda la sungura lilikuwa na kadena mbili, moja ya kwake na moja ya kumtisha mwizi. Watu walimtania: "Mama Kaswera, na mudomo wako, ufunguo iko wapi?" Lakini alipochaguliwa kuwa mkuu wa komite ya maji hakuna aliyepinga. Nani angechunga mali ya watu kama yeye?

Jambo moja tu lilimshinda: ule upenyo.

Pembeni mwa tuta, upande wa kushoto, Onésime alikuwa ameacha pengo, upana wa hatua mbili, chini kidogo kuliko kichwa cha tuta, akalitandika mawe meusi. Maji yakijaa kupita kiasi yanatokea pale, yanateremka kwenye uwanja wa mawe, yanazama, hayamuumizi mtu. Bila pengo lile maji yatapanda juu ya tuta lenyewe, na tuta la udongo likipandwa na maji kichwani limekufa, hakuna dawa. Mwanafunzi yeyote wa baba yake Onésime alijua hilo kabla ya kujua kuvaa suruali. Na kwao pengo lile lilikuwa na jina lake. Waliliita mulango, yaani mlango.

Kwa Kaswera, kuona maji yanatoka ni kama kuona sukari yake inamwagika barabarani. Kila mvua kubwa alisimama pale, mikono kichwani. "Papa Onésime, maji inapotea! Siye watu wa kukosa maji, na tunayatupa!"

"Hayapotei, mama. Yanaaga tu."

"Yanaaga! Yende wapi? Yako na ndugu?"

Onésime alicheka. Angalieni kosa lake: alicheka, hakueleza. Kwake ilikuwa kama kumweleza mtu mzima kwa nini nyumba ina paa. Kwao Mushaki hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa.

Ikafika mwezi wa kumi na moja, mvua zenyewe, na simu ikaja kutoka Mushaki: dada yake mkubwa, mama yake Ruffin, amefariki. Onésime alikusanya koti lake na viatu. Siku ya Alhamisi, fuso ya Ruffin inanguruma barabarani, Kaswera akamsindikiza na kumpa ndizi za njia. Mzee aliangalia mawingu yaliyokaa juu ya mlima, akaingiwa na wasiwasi, akamshika mama yule mkono. Akasema maneno matatu tu.

"Mama, muchunge mulango."

"Muzee, enda na amani. Mulango uniachie mimi."

Akapanda gari akiwa na moyo mwepesi kabisa.

Walimzika dada Jumamosi. Jumatatu alfajiri, Onésime bado ameketi na wafiwa, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya shefu.

"Papa Onésime, kuya huku. Barrage ilikufa jana."

"Ilikufa namna gani?"

"Ilipasuka, sababu ya mvua ya jana mangaribi. Ilibeba nyumba tatu. Charline, ule jirani wa nyumba za mwisho, alivunjika muguu. Kuya, muzee, watu wako na kasirani, na bamama banalia."

Simu ilianguka kwenye majani. Ruffin akaiokota. Onésime hakuwaza nyumba kwanza. Mungu amsamehe, aliwaza: nilikosea wapi? Miaka arobaini, matuta hamsini na zaidi, hakuna hata moja lililopasuka. Ni udongo? Ni ng'ombe hawakukanyaga vya kutosha? Ni mimi mzee, mikono imesahau? Njia yote kwenda Goma, juu ya moto, pikipiki iliyokodiwa, akishikilia kiuno cha dereva asiyemjua, alilijenga tuta lile upya kichwani, gunia kwa gunia, akitafuta kosa, asilipate.

Alipofika Kibati aliomba kuteremshwa juu, kwenye bonde. Hakutaka kukutana na mtu kabla ya kuona.

Akaona. Ee Bwana. Pale palipokuwa maji palikuwa na tope, linang'aa, na ndani ya tope kiatu cha mtu na bidoni moja iliyolala ubavu. Tuta limekatika katikati, pengo ambalo fuso ingepita. Chini yake mstari wa matope umeteremka moja kwa moja hadi nyumba za mwisho, na nyumba zenyewe zilikuwa mbao zilizolundikana na manjanja, mabati ya paa, yaliyokunjamana. Shamba la maharage lilikuwa limefagiwa mpaka jiwe. Wenye nyumba hawakufa kwa sababu moja: ilikuwa Jumapili, wote walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na Charline peke yake alirudi nyumbani kuanua nguo.

Mzee alikaa kwenye ukingo wa lile pengo akalia kwa sauti. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi, akafuta macho na kuanza kusoma.

Udongo unasema, ukijua kuusikiliza. Tuta likioza chini, maji yanachimba tundu na kichwa kinadondoka ndani. Hili halikuoza chini. Mtu akikata kwa jembe, jembe linaacha meno. Hapakuwa na meno. Aliangalia mgongo wa tuta upande wa nje, pande zile mbili zilizobaki: majani yote yalikuwa yamelala, yametazama chini, yamechanwa kama nywele za mtoto wa shule. Maji yalipita juu. Juu kabisa, kila mahali! Akatikisa kichwa. Haiwezekani. Mlango uko hatua mbili upana, hakuna mvua ya kuushinda.

Akainuka, akauendea mlango.

Kwenye pengo lake, pengo alilolitandika mawe kwa mikono yake, palikuwa na mlango. Mlango kweli, wa bati, wa buluu, umesimamishwa wima, umeegemezwa na magunia ya changarawe, umezibwa kwa udongo wa Masisi pande zote hata upepo usipite. CHEZ MAMA KASWERA. Kwenye kitasa ilining'inia kadena, imefungwa. Na mlango ule wa kijinga, katika uharibifu wote ule, haukuwa umesogea hata unene wa ukucha.

Onésime aliweka kiganja juu ya bati. Akasikia sauti yake mwenyewe, ya Alhamisi, karibu na fuso: mama, muchunge mulango.

Kwao, kuchunga mlango ni kuutoa majani, kuondoa mawe yaliyoangukia ndani, kuhakikisha uko wazi. Lakini Goma! Mji ambao ukilala bila kufunga unaamka bila sufuria! Ukimwambia mtu wa Goma achunge mlango, na mtu mwenyewe ni Kaswera wa kadena mbili kwenye banda la sungura, atafanya nini? Alifanya alichoambiwa. Alikifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

"Yesu wangu," alisema. "Ni mimi."

Angekaa pale mpaka kesho kama hangesikia kelele. Zilitoka barabarani, kelele za watu wengi, na katikati yake sauti moja nyembamba ya mwanaume. Halafu akasikia neno ambalo mtu yeyote wa Goma akilisikia damu inamganda: "Pine! Mulete pine!" Pine, gurudumu la kumchomea mtu.

Miaka sitini na tatu, na alikimbia.

Watu walikuwa kama mia moja na hamsini, wameziba barabara. Gentil alikuwa amefungwa kwenye mti wa mkaratusi kwa kamba ya bidoni, shati limechanika, jicho moja limefumba, damu inatoka puani na kwenye sikio. Chukudu yake ilikuwa imelazwa pembeni na bidoni zake kumi na mbili, zimejaa, hazijaguswa. Kijana mmoja alikuwa anavingirisha gurudumu kuukuu kutoka gereji. Na mbele ya wote, kilemba kimelegea, jiwe mkononi, alikuwa mama Kaswera.

"Ni huyu alikata!" alipiga kelele alipomwona Onésime. "Muzee, karibu, uone mwenyewe mutu alitufanya! Toka barrage ifike, nani ananunua tena maji yake? Na leo asubuhi, jua haijatoka vizuri, tunamwona anapanda na bidoni kumi na mbili. Kumi na mbili! Alijua tutakosa maji! Alijua mbele yetu!"

"Sikukata…" alisema Gentil. "Bamama, hii maji…"

Jiwe likampiga begani akanyamaza.

Onésime alisimama kati ya mti na watu. Alijua ukweli, na ukweli ule ulikuwa na jina, na jina lilikuwa limesimama mbele yake na jiwe mkononi. Akisema Kaswera ndiye aliyeziba, kamba itatoka kwa Gentil iende kwa Kaswera. Gurudumu halichagui. Akinyamaza, Gentil anachomwa sasa hivi, mbele ya macho yake. Alimtazama yule mama aliyempa ndizi za njia. Hakujua kitu, maskini. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeibiwa mara ya tatu.

"Mumufungue," alisema Onésime. "Barrage niliiua mimi."

Halafu mtu akacheka vibaya.

"Wewe? Wewe ulikuwa Mushaki kwa matanga!"

"Muzee anamufichia!"

"Pine iko wapi?"

"Nilikuwa Mushaki, ndiyo!" Sauti ya mzee ilipasuka. "Niliiua na kinywa! Munisikie basi! Hakuna mutu alikata. Mupande muone, hakuna alama ya jembe. Maji ilijaa, ikakosa kwa kutokea, ikapita juu. Ile fasi pembeni, ile munasema inapoteza maji, ndiyo ilikuwa inatuokoa. Ikifungwa, barrage inakufa. Nilijua hivyo toka utoto, na sikuwaambia. Miezi yote hii sikuwaambia! Nilicheka tu. Nikaenda, nikasema, muchunge mulango. Kwetu, maana yake uachwe wazi. Hapa kwenu maana yake ni kufunga. Mimi muzee muzima sikufikiri hata kidogo. Kama munataka kuchoma mutu, niko hapa."

Akaanza kufungua vifungo vya koti la matanga, kana kwamba koti lilikuwa jambo la maana.

Mdomo huponza kichwa, wazee walisema. Lakini mara nyingine kichwa kinachoponzwa si cha mwenye mdomo. Watu walisimama wakitazamana, na wachache waliogeuka kumtazama Kaswera walikuwa wale waliomsaidia kubeba magunia Ijumaa ile. Wakageuza macho haraka.

Jiwe lilimtoka Kaswera mkononi.

"Muzee," alisema polepole. "Ule mulango niliufunga mimi. Ijumaa asubuhi. Nilitia na udongo ili usivuje. Niliwaambia watu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jana mvua ikinyesha, nilikuwa nafurahi. Nilisema, leo hata tone moja haitapotea. Muzee wangu, uniambie kwamba si ile."

Onésime alifungua mdomo. Alitaka kusema si ile. Alilitafuta lile neno dogo, hapana, na halikuja.

Kaswera alisoma uso wake. Akapiga ukelele, hata aliyeshika gurudumu akaliachia likaanguka lenyewe. Akageuka kwa Charline, aliyekuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki, mguu umefungwa kwa vijiti viwili na kitenge. "Charline, mwanangu! Ni mimi nilikuvunja muguu! Nyumba yako ni mimi!"

Hapo watu walisogea. Walisogea hatua moja tu mbele, wote pamoja, kama wanavyosogea watu ambao hasira yao imepata pa kwenda. Onésime aliona hatua ile na akamvuta Kaswera nyuma yake, mzee aliyekonda na mwanamke mnene kumzidi mara mbili.

Charline alikuwa amekunja uso kwa maumivu. Alimtazama Kaswera, akamtazama mzee, akautazama mti.

"Mimi ndiyo nilivunjika," alisema, "na mimi nasema basi. Mulishapiga mutu asiye na kosa. Munataka kupiga wangapi ndiyo mutoshe?"

Mmoja mmoja wakaanza kuangalia chini, wengine wakakumbuka kwamba wameacha moto jikoni. Aliyeleta gurudumu alilivingirisha kurudi gereji bila kumtazama mtu.

Kaswera ndiye aliyemwendea Gentil. Fundo lilikuwa limelowa, limekaza, akalifungua kwa meno. Gentil alianguka mikononi mwake, naye akamlaza kwenye majani, kichwa pajani. Damu ilikuwa imeingia jicho lile zima, hakuona kitu.

"Maji!" alipaza sauti Kaswera. "Mumuletee maji, mutu wa watu!"

Walitazamana. Mabeseni yote upande ule yalikuwa yamejaa matope. Mama mmoja akakimbia akarudi mikono mitupu. Ndipo macho ya wote yakaenda kwenye chukudu.

Onésime akaburuta bidoni moja mpaka kwenye mti. Kaswera aliposhika kizibo, Gentil alimshika kifundo cha mkono. Kila alipovuta pumzi kifua kilimkoroma.

"Ndiyo nilikuwa nataka kuwaambia," alisema. "Jana nilisikia barrage imeanguka. Nikasema, bale watu hawana ya kunywa. Hii si ya kuuza, mama. Nililetea ninyi."

Kaswera alimimina, akaosha jicho, akaosha pua, akaosha sikio lililochanika kwa jiwe ambalo huenda lilikuwa lake. Maji yaliteremka mekundu, yakagusa changarawe, ardhi ikayanywa. Bidoni ya kwanza ikaisha na damu ilikuwa bado inatoka. Papa Onésime akaenda kuleta ya pili.